Broka Haogopi Kirumi: Jinsi ya Kufunga Shamba la Guka Lisigeuzwe Plot

Siku ingine ukiwa tao saa saba mchana, pitia Jevanjee ukae bench kidogo. Utapata wahubiri watatu wakishindana kwa sauti, wasee wamelala kwa nyasi viatu vikiwa mto, mathe wa njugu, na mbogi ya college ikipiga picha. Halafu angalia kando. Moi Avenue huku, Muindi Mbingu kule, maghorofa kila upande. Jiulize swali la kibiashara: hiyo ardhi yote iko wazi katikati ya mji, na kwa nini hakuna mtu ameirushia mjengo?

Si ati hawajajaribu. A. M. Jeevanjee, tajiri aliyekuja kutoka Karachi, aliipea Nairobi hiyo bustani mwaka wa 1906 ndio watu wa mji wapate pa kupumzika. Mwaka wa 1991 ikaletwa plan ya kuweka maegesho ya magari ya ghorofa hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, hakunyamaza. Alipiga kelele, akakusanya watu, Wangari Maathai naye akaingia kwa hiyo vita, na plan ikazikwa. Ndio maana leo bado unapata pa kukaa ukila smokie yako.

Kuna vitu viwili viliokoa Jevanjee, na tutavirudia hapa chini. Kwanza, ardhi ilikuwa imetolewa na sharti: ni ya kazi fulani, si ya kila kazi. Pili, kulikuwa na mtu hai wa kusimama na kusema hilo sharti lipo. Ukikosa la kwanza huna kesi. Ukikosa la pili, sharti lipo kwa karatasi tu na trekta linaingia saa kumi asubuhi.

Stori yetu leo ni shamba la familia yako. Ndio, wewe, ambaye guka aliacha ekari kadhaa Mutuini, Waithaka, Uthiru, Kinoo ama huko Kikuyu, na kila Krismasi kuna cousin analeta maneno ya "tuuze tugawane."

Nairobi magharibi imeshaona hii filamu

Karen unayoijua, ya mageti na mbwa wakali, ilikuwa shamba la kahawa. Karen Blixen alifika 1914, akahangaika na hiyo kahawa miaka mingi, huko juu kulikuwa na baridi na mmea haukupenda, kampuni ikafilisika na 1931 shamba likauzwa. Aliyenunua hakuwa na haja na kahawa. Alikata plot. Hiyo labda ndiyo subdivision maarufu zaidi kwa historia ya Nairobi, na hata Hollywood ilikuja kutengeneza filamu, ingawa walituonyesha mapenzi na simba, plot hawakuonyesha. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima ndani ya shamba hilo kama maskwota walitafutiwa pa kwenda, kipande cha msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Angalia vile mambo yalienda baadaye. Karen, wakaazi wamepigana miaka na miaka kulinda ukubwa wa plot, juu ya nusu ekari kwenda mbele, na wako na chama chenye mawakili. Fuata Dagoretti Road dakika chache tu uingie Dagoretti, na mambo yanabadilika kabisa. Huko ardhi ilikuwa ya familia za kawaida, ilikuwa upande wa Kiambu hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa 1963, na hakuna chama cha mawakili kilikuja kuzuia mtu. Leo unapata napier na ng'ombe wawili wamebanwa katikati ya flat za ghorofa tano, nguo zimeanikwa hadi zinadondokea maji kwa sukuma.

Usiseme ni uroho pekee. Piga hesabu. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Plot ya hamsini kwa mia ni futi 5,000. Kwa hivyo ekari inatoa plot nane, na inabaki 3,560 ya barabara, barabara ya kupitisha mkokoteni na mtu mmoja mwembamba. Broka anajua hiyo hesabu akiwa amelala.

Na hata broka asipokuja, urithi pekee unatosha kumaliza shamba. Guka alikuwa na ekari sita na watoto wanne: kila mmoja ekari moja na nusu. Kila mmoja akazaa wanne: inabaki ekari 0.375. Hao wajukuu kila mmoja akizaa watatu, kila kitukuu anapata 0.125, yaani eitha. Hapo hakuna mtu wa nje ameuziwa hata futi moja. (Na kama unahesabu wavulana pekee, simama hapo. Katiba ya 2010 na sheria ya urithi hazibagui mabinti. Auntie yako aliyeolewa Nyeri yuko kwa hiyo hesabu.)

Ongeza barabara. Southern Bypass imekuja hadi Gitaru, Western Bypass ikaanzia hapo Gitaru kuelekea Ruaka, Waiyaki Way ikapanuliwa. Kila lami inapofika, bei inaruka, na kanjo wanapotoza rates wanaangalia thamani ya ardhi tupu, hawaangalii umevuna magunia mangapi ya viazi. Shosh analima sukuma kwa ardhi inayohesabiwa kama ya flat. Hiyo peke yake inasukuma mtu kuuza.

Kirumi ilikuwa izimenti ya wazee

Kabla ya Mzungu kuleta title, Wakikuyu walikuwa na njia yao. Ardhi ya ukoo mdogo, mbari, iliitwa gĩthaka, na ilikuwa na mlezi, mũramati, ambaye hakuwa mwenyewe wa kuuza kama anavyotaka. Yeye alikuwa anashikilia kwa niaba ya wote, hata ambao hawajazaliwa. Na mzee akitaka kuhakikisha shamba haliuzwi akiondoka, aliacha kĩrumi. Laana ya kufa nayo. Atakayeuza hapa, mambo yake yasinyooke.

Usicheke. Kirumi ilifanya kazi moja ambayo mawakili wanalipwa pesa mingi kufanya leo: ilifunga ardhi yenyewe, si mtu mmoja. Ilipita kutoka kizazi hadi kizazi bila kuandikwa.

Shida ilikuja miaka ya hamsini. Wakati wa hali ya hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba ya Kiambu yaliunganishwa, yakapimwa na kusajiliwa kwa jina la mtu. Title ikatoka na jina moja, mara nyingi la mzee ama kifungua mimba. Familia ilijua yeye ni mũramati. Karatasi ilisema yeye ni mwenyewe. Miaka sitini baadaye huyo mtu amekufa, mtoto wake ako na title kwa kabati, na broka wa siku hizi haogopi kirumi. Anaogopa kitu kimoja tu: kilichoandikwa kwa rejista.

Kwa hivyo swali ni rahisi. Kirumi ya guka unaiandikisha vipi huko kwa ofisi ya ardhi?

Sheria imekuwa hapo tangu 1999

Huko Marekani wanaita hii kitu conservation easement, na wamekuwa nayo siku mingi. Kule Marin, California, kaskazini mwa San Francisco, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliona mji unawafuata, na mwaka wa 1980 wakaanzisha taasisi ya kushikilia masharti ya mashamba yao. Mkulima anabaki na shamba, analima, anauza akitaka, anarithisha watoto. Kitu kimoja tu ameachilia: haki ya kulikata na kujenga. Taasisi inalipia hiyo haki na kuizika. Anayenunua baadaye anapata shamba na sharti likiwa ndani yake, kama vile unanunua mat iliyofungwa speed governor ambayo hakuna fundi anaruhusiwa kutoa.

Sisi tuiite izimenti, tusonge.

Kenya tuko nayo. Sheria ya mazingira, EMCA ya 1999, sehemu za 112 hadi 116, inasema Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuweka izimenti ya mazingira kwa shamba. Inaweza kuwa ya miaka fulani ama ya milele. Ikishawekwa inaandikwa kwa rejista ya hiyo ardhi, na kuanzia hapo inafuata shamba, hata kama shamba litauzwa mara kumi.

Sasa soma hii pole pole, juu hapa ndipo wengi wanaingia box. Sheria haisemi unaweza kufunga shamba ati kwa sababu unapenda kilimo. Inataja kazi ambazo izimenti inaweza kufanya: kulinda mimea na wanyama, kulinda ubora na mtiririko wa maji ya mto, ziwa, bwawa au chini ya ardhi, kulinda mandhari, kuacha eneo wazi, kuacha njia ya watu kupita, kulinda mahali pa kihistoria, kuzuia machimbo, kuacha njia ya wanyamapori. Na kichekesho ni kwamba kilimo kimetajwa humo pia, lakini kama kitu cha kupunguzwa! Yaani aliyeandika aliona mkulima kama shida ya mto, hakuona flat inakuja nyuma yake.

Hiyo haimaanishi mkulima wa Dagoretti hana njia. Inamaanisha uingie na mlango sahihi. Kama shamba lenu linashuka hadi mtoni, mlango wenu ni maji. Kama ni kipande cha mwisho cha kijani kati ya maghorofa, mlango ni eneo wazi. Kama kuna mũgumo wa zamani na historia yake, mlango ni historia. Mahakama haitafunga sukuma wiki ya shosh. Itafunga hicho kipande kisijengwe, na kisipojengwa, shosh anaendelea kupanda.

Kikuyu ni mfano poa. Bwawa la Ondiri, hapo karibu na mji, ndiko Nairobi River inaanzia. Kuna kikundi cha wakaazi, Friends of Ondiri Wetland, ambacho kimekuwa kikilipigania. Mashamba yanayozunguka mahali kama hapo yana hoja nzito kuliko plot kavu ya katikati ya mtaa, juu hoja si ya familia moja. Ni maji ya kila mtu anayeishi chini ya huo mto. Na kama ulikuwa Nairobi Agosti 2018 wakati matingatinga yaliangusha South End Mall na Ukay kwa sababu ya kingo za mto, unajua kujenga karibu na maji si mchezo. Ardhi ya kando ya mto tayari ni ngumu kuuzia mjengo. Kuifunga kunakugharimu kidogo kuliko unavyodhani.

Nani analipa?

Hapa kila mtu anaamka. Sheria ya EMCA inasema mwenye ardhi anayefungwa na izimenti anastahili fidia, na anayelipa ni yule aliyeiomba mahakamani, kulingana na thamani ya matumizi aliyopoteza. Mahakama ikiona jambo lenyewe ni la maana kwa nchi nzima, inaweza kuambia serikali ilipe. Kwa hivyo sheria iliwaza watu wawili: mwenye shamba, na mwombaji ambaye si yeye. Kikundi cha wakaazi, shirika la uhifadhi, majirani wa chini ya mto.

Familia inayotaka kufunga shamba lake kwa hiari yake iko kwa hali tofauti. Mnaweza kukubaliana na kikundi kama hicho kiombe, nyinyi msipinge, na msidai fidia kubwa. Ndio, mnaacha doh mezani. Hakuna njia ya kusema hii kwa utamu. Shamba lililofungwa lina bei ya chini kuliko lililo huru, na benki ikija kuangalia dhamana ya mkopo itaona hivyo hivyo.

Ukitaka kuona vile doh inabadilisha akili za watu, toka Nairobi uende upande wa kusini, Kitengela. Nairobi National Park, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande huo, na nyumbu na punda milia wanatoka kwenda kulisha kwa mashamba ya Wamaasai. Mashamba yakaanza kukatwa na kuzungushiwa nyaya. Kuanzia mwaka wa 2000 kukawa na mpango wa kukodi: familia inalipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na kwa hiyo inakubali kutozungushia ua, kutolima machimbo, kutouza vipande na kuacha wanyama wapite. Kitu cha akili sana kwa huo mpango ni kwamba malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, wakati wa kufungua shule. Wazazi wengi huuza ardhi kwa sababu ya fees. Walioubuni mpango walikuwa wameketi na mathe wa nyumba, hawakukaa na mchumi.

Lakini ona udhaifu. Ile ni kodi, si izimenti. Pesa ni ya wafadhili, na mfadhili akichelewa ama akichoka, mkataba unaisha na shamba liko huru tena. Na dola 4 kwa ekari haziwezi kushindana na mtu wa kununua plot. Kwa mfugaji mwenye ekari mia ni fees. Kwako wewe na ekari mbili Waithaka ni chai na mandazi ya mkutano mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo imetaja izimenti za uhifadhi, hata za makubaliano ya hiari, lakini hiyo inafaa walio na twiga nyuma ya nyumba. Dagoretti wanyamapori ni mwewe na kunguru.

Kama unataka kuanza, anza na jina la marehemu

Familia nyingi zinaruka moja kwa moja hadi kwa wakili kuuliza izimenti, kumbe title bado iko kwa jina la guka aliyezikwa 1987. Huwezi kufunga wala kufungua chochote kwa jina la maiti. Kwanza mfanye urithi mahakamani, hata kama utawachukua miaka, hata kama uncle anaringa. Fanya sachi rasmi ya hiyo ardhi ujue kilichoandikwa. Kwa Nairobi, Ardhisasa ilizinduliwa Aprili 2021 na unaweza kuangalia kwa simu. Wengine hupata surprise mbaya: kuna mkopo, kuna kesi, ama nusu ya shamba ilishauzwa na mtu ambaye sasa ni mzee wa kanisa.

Ukiona harufu ya kuuza kwa siri, kuna kitu cha haraka kinaitwa kaushoni. Mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kuomba iwekwe kwa rejista, na ikiwa pale, mauzo hayasajiliwi kabla hujaulizwa. Usiitumie kama silaha ya ugomvi, juu ukiiweka bila sababu ya maana unaweza kulipishwa hasara. Na si ya milele. Ni breki ya mkono, si parking.

Mume ama mke wa muuzaji pia lazima akubali kama hiyo ni nyumba yao ya ndoa. Na kama shamba bado liko kwa eneo la udhibiti wa ardhi ya kilimo, kuna bodi ya kudhibiti ardhi ambayo idhini yake isipopatikana, mauzo hayana nguvu kisheria. Shosh akijitokeza mbele ya hiyo bodi na leso yake na kusema hakuna mtu alimuuliza, broka anaanza kutoa jasho.

Halafu kuna kirumi yenyewe, imerudi kupitia mahakama. Mwaka wa 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu anaweza kuwa na title kwa jina lake peke yake na bado awe anashikilia kwa niaba ya familia kulingana na mila, hata kama neno "mdhamini" halijaandikwa popote. Mũramati amekubalika! Familia nyingi za mashamba ya zamani zilipumua siku hiyo. Lakini jua gharama yake: ni lazima uthibitishe mahakamani hiyo ardhi ilitoka wapi na ilikuwa ya nani, na ushahidi mzuri kabisa ni mzee wa miaka themanini ambaye hataishi kungoja kesi yako. Mrekodi sasa. Chukua simu, umuulize nani alipewa nini wakati wa kupimiwa, mpaka uko wapi, mti gani.

Kwa maoni yangu, familia nyingi za hapa magharibi zinafaa kufikiria trasti ya familia kabla ya izimenti. Mabadiliko ya sheria ya mwaka wa 2021 yalifanya trasti ya familia iwe kitu kinachosajiliwa vizuri. Ardhi inaingia kwa trasti, wadhamini wanasimamia, watoto wanafaidika bila kila mmoja kupewa kipande chake cha kukata. Ile hesabu yetu ya eitha inasimama hapo. Tofauti ni kwamba trasti inategemea wadhamini kubaki waaminifu, na kama hati yake inawaruhusu kuuza, siku moja watauza. Izimenti inafunga ardhi yenyewe hata kwao. Ndio maana vitu hivi viwili vinaendana: trasti ya kushikilia, izimenti ya kufunga sehemu ile ya maana.

Na sema "sehemu." Hapa naona watu wa uhifadhi wanakosea. Ukifunga ekari zote mbili na nusu, unatengeneza mjukuu muasi ambaye atatumia maisha yake kutafuta wakili wa kuivunja. Chora mstari. Juu kando ya barabara acha kipande huru, vijana wajenge keja zao, wengine wakodishe, fees itoke hapo. Chini, kuanzia mstari hadi mtoni, ndiyo mnafunga. Andikeni wazi kinachoruhusiwa huko: kupanda, kufuga, kibanda cha ng'ombe cha ukubwa gani, tangi la maji. Msipoandika kibanda leo, kesho mtagombana na mahakama juu ya zizi.

Jirani naye anaweza kusaidia. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inaruhusu wenye mashamba yanayopakana kuwekeana sharti la kutojenga, na likaandikwa kwa rejista. Yeye hajengi kando ya mto upande wake, nyinyi hamjengi upande wenu, na kila mmoja anaweza kumshtaki mwenzake akivunja. Ni rahisi kuliko kwenda Milimani, na ndiye mlinzi wa bure mtakayepata: jirani mwenye wivu na macho makali.

Hii inaturudisha kwa kile kitu cha pili cha Jevanjee. Izimenti ya mahakama inatetewa na yule ambaye jina lake liko kwa amri. Kama ni shirika, uliza kama litakuwepo miaka hamsini. Kama ni kikundi cha mtaa, kina katiba, kina watu wa umri wako, ama ni wazee watatu na muhuri? Mjukuu mmoja mkali kama Zarina Patel hutoka kwa familia chache, kwa hivyo usipange mambo ukitegemea atazaliwa.

Kuna mlango mmoja ambao hakuna izimenti inafunga. Serikali ikitaka njia ya bypass, reli ama bomba, inaweza kuchukua ardhi kwa lazima na kulipa fidia. Familia za Kikuyu na Dagoretti zinajua, zimeona alama nyekundu kwa ukuta. Hapo unapigania fidia tu.

Kwa hivyo mkutano wa familia wa Disemba, badala ya kuanza na "tuuze ama tusiuze," beba vitu vitatu: matokeo ya sachi, mchoro wa shamba wenye ule mstari wa juu na chini, na simu iliyojaa sauti ya shosh. Auntie wa Nyeri aalikwe mapema, si kupigiwa simu siku ya kusaini. Mwenye haraka ya pesa aambiwe wazi ni kipande gani kiko huru na kipi hakitakuwa huru tena.

Na ile rangi nyekundu ya NOT FOR SALE kwa ukuta wenu, usiifute hata ukishapata amri ya mahakama. Haina nguvu yoyote ya kisheria, lakini matapeli wa Waithaka hawasomi rejista. Wanasoma ukuta.